Chongeni jina, chongeni mwaka

Mimi huwaonyesha wanafunzi wangu wa sanaa hapa Kangemi picha ya sanamu ya Buddha mdogo wa China, wa shaba iliyopakwa dhahabu, kimo sentimita 39 hivi. Kwenye kitako amechorwa mwaka unaolingana na 338. Hakuna Buddha wa China mwenye tarehe anayejulikana kumtangulia, hivyo wataalamu hukadiria umri wa wengine kwa kumtazama yeye. Yuko San Francisco. Alikusanywa na Avery Brundage, yule aliyeongoza Olimpiki Kipchoge Keino aliposhinda Mexico 1968.

Sasa teremka mjini uvigeuze vinyago vinavyouzwa barabarani, utafute maandishi kama hayo. Vingi havina jina wala mwaka! Inaniuma. Wachongaji, tieni sahihi na mwaka. Wanunuzi, vidaini. Kaunti nayo isilipie sanamu yoyote isiyo navyo.