Piga Video Kwanza, Mkono Usahihishe Baadaye

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumzie mkono wa msichana wa miaka 12 anayerusha mpira wa softboli, na sisi watu wazima tunaosimama kando ya uwanja tukimpigia kelele: "Kunja kiwiko! Vunja kifundo! Maliza juu!"

Msimamo wangu ni huu: usimsahihishe mtoto mkono ambao hujauona. Na kwa macho matupu huwezi kuuona, hata uwe kocha wa miaka ishirini.

Kwa wasioujua mchezo, softboli ni ndugu wa besiboli. Tofauti kubwa ni kwamba mrushaji hurusha kwa chini: mkono unazunguka duara zima kando ya mwili, na mpira unaachiwa karibu na nyonga. Kwa wanawake wakubwa, kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni futi 43, yaani kama mita 13. Mchezo ulikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1996 hadi 2008, ukarudi kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na umo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028.

Hapa kwetu Ruiri, upande wa Buuri katika kaunti ya Meru, softboli ni mgeni. Kurusha si mgeni. Wasichana wetu wamekulia kwenye kati, wakirushiana mpira wa soksi kuukuu na matambara mpaka giza liingie. Nguvu ya mkono wanayo. Wasichonacho ni mtu aliyelelewa na mrusho wa duara, kwa hiyo tunajifunza kutoka kwenye mtandao. Hilo si jambo la kuonea haya. Julius Yego alianza kujifunza mkuki kwa kutazama YouTube, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Lakini kumbuka pia kwamba kabla ya ubingwa huo alikwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha. Video ilimfungulia mlango, haikumaliza kazi.

Ninapokuwa nyumbani Jumamosi huwapiga video wasichana wachache wanaojifunza kurusha. Mmoja wao alianza kulalamika kwamba bega linamuuma kwa mbele. Alikuwa ameambiwa na mtu mzima kwamba akishaachia mpira akunje mkono kwa nguvu na kuinua kiwiko mbele ya uso, kama mtu anayebisha hodi kwa kiwiko. Mtoto mtiifu, alifanya hivyo kila mrusho, mara kadhaa kwa kila zoezi.

Hapo ndipo wengi huniambia, "Lakini si mrusho wa chini ni wa kawaida tu? Hauumizi kama wa besiboli." Hiyo ni imani ya zamani na haina msingi. Mwaka 1998 Barrentine na wenzake walichapisha utafiti wa warushaji wa softboli na kukuta kwamba nguvu inayovuta mkono kutoka kwenye bega inakaribia uzito mzima wa mwili wa mrushaji. Mwaka 2009 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba msuli wa mbele wa mkono wa juu hufanya kazi zaidi kwenye mrusho huu wa duara kuliko kwenye mrusho wa juu. Sasa fikiria mtoto wa kilo 40, mifupa yake bado inakua. Kila mrusho ni kama kuning'iniza uzito wa mwili wake kwenye bega moja kwa kitambo kidogo. Si wa kufa, lakini si wa kuchezea.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo kazi yangu inapokutana na uwanja.

Tuseme mkono unashuka kutoka juu kabisa hadi kuachia mpira kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kamera ya kawaida ya simu huchukua picha 30 kwa sekunde. Kwa hiyo jambo lote unalotaka kulihukumu linaingia kwenye picha tatu, tena zenye ukungu. Ukiweka simu kwenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, unapata picha 24. Tofauti ya tatu na 24 ndiyo tofauti ya kubahatisha na kuona. Na jicho lako halina hata kitufe cha kurudisha nyuma.

Nikizitazama kwa mwendo huo video za warushaji wa kiwango cha Olimpiki, naona jambo linalopingana na zile kelele zetu. Mkono unapokuwa nyuma, sambamba na ardhi, kiganja kinatazama juu. Unaposhuka, kiwiko kinatangulia karibu na mbavu, na kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, kinafuata nyuma kama ncha ya mjeledi. Karibu na nyonga kigasha kinajizungusha kuelekea ndani na mpira unaondoka. Baada ya hapo mkono unalegea na kwenda unakotaka. Kile kiwiko cha kubisha hodi, pale kinapoonekana, huja wakati mpira umeshaondoka. Ni matokeo ya mwendo na hakiwezi kuwa chanzo chake. Kumwambia mtoto akilazimishe ni kama kusahihisha ripoti iliyochapishwa badala ya programu iliyoitoa.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Kasoro inaonekana kwenye mstari wa 200, lakini imezaliwa kwenye mstari wa 12. Yule msichana wetu mkono ulikuwa unaanza kuharibika mapema: kiganja kilitazama chini akiwa nyuma, kwa hiyo alikuwa anausukuma mpira badala ya kuuacha ufuate. Kile kiwiko cha mwisho kilikuwa kiraka juu ya kasoro hiyo. Alipumzika mpaka maumivu yakaisha, kisha tukaanza upya na kitu kimoja tu: kiganja juu. Mama yake nilimwambia wazi kwamba maumivu yakirudi ampeleke hospitali, si kwangu.

Najua swali linalofuata: "Si kuna akili bandia ya kupima hayo yote?" Ipo. Programu huria kama MediaPipe ya Google huweka alama 33 juu ya picha ya mtu na kukuchorea mifupa ya mistari, hata kwenye simu. Nimeijaribu na ni kitu kizuri kwa kuangalia hatua, magoti na mgongo. Lakini fikiri kidogo. Mstari kutoka kiwiko hadi kifundo ni mstari tu. Kigasha kikijizungusha juu ya mhimili wake, mstari haubadiliki. Alama za vidole zipo, ila kwenye mkono unaokwenda kasi hivyo ni makisio. Kwa hiyo jambo lenye uzito kuliko yote katika mrusho huu ndilo programu hiyo inaloliona vibaya kuliko yote. Atakayekuuzia programu ya kumsahihisha mtoto wako kwa kubofya kitufe, muulize swali hilo kwanza.

Ninachopendekeza ni cha bei nafuu:

1. Piga video saa nne asubuhi, juani. Mwanga mwingi hupunguza ukungu wa picha, na jua la hapa ikweta ni la bure.

2. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, upande wa mkono unaorusha, usawa wa nyonga. Kisha piga nyingine kutoka mbele, nyuma ya wavu au ukuta.

3. Chora mstari kwa kalamu upande wa ndani wa kigasha, kutoka kifundo hadi kiwiko. Mstari huo utakuonyesha mzunguko ambao programu haiuoni.

4. Tazama kuanzia miguuni. Hatua fupi au kiuno kilichochelewa hulazimisha mkono kufanya kazi isiyo yake.

5. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mambo yakawa mazuri, hutajua ni kipi kilichosaidia.

6. Hesabu mirusho na uandike kwenye daftari. Little League ya Marekani ilianza kuhesabu mirusho ya besiboli mwaka 2007, na mtoto wa miaka 11 au 12 huishia 85 kwa siku. Bega la msichana halijui kwamba linacheza softboli.

Usiniletee habari za Yukiko Ueno wa Japani. Ndiyo, mwaka 2008 kule Beijing alirusha mara 413 kwa siku mbili na kuwapa Wajapani dhahabu, kisha akashinda nyingine kwenye michezo ya Tokyo akiwa na miaka 39. Alikuwa mtu mzima aliyejengwa kwa miaka mingi. Mtoto wa darasa la sita si Ueno mdogo.

Wasichana wanaoanza leo wanaweza kuwa na umri wa kufaa kuwania nafasi za timu kubwa miaka kumi ijayo. Watakaofika ni wale ambao mabega yao hatukuyamaliza wakiwa watoto, tukirudia maneno tuliyoyasikia kwa wengine bila kuyapima. Simu iko mfukoni mwako. Itoe, piga video, nyamaza, tazama. Ukishaona, ndipo useme.

Ukiwa na njia bora ya kuonyesha mzunguko wa kigasha kuliko kalamu yangu, niandikie.