Simu haikufundishi breki: Magemu ya magari na utelezi wa Karagwe na Kyerwa

Vijana wengi siku hizi wanashika usukani wa simu kabla ya kushika usukani wenyewe. Pita vijiwe vya bodaboda Kayanga au Nkwenda muda ambao abiria ni wachache, utakuta mtu kainamia simu anaendesha basi. Bus Simulator Indonesia, gemu lililotoka mwaka 2017, linapendwa sana Tanzania kwa sababu watu wanaliwekea mabasi yenye rangi za kwetu.

Hakuna ubaya hapo. Shida inaanza pale dereva anapoliamini gemu kwenye jambo moja: mshiko wa tairi barabarani.

Kwenye simu, alama ni mchoro

Ukifunga breki ghafla kwenye magemu mengi ya simu, nyuma ya gari inabaki mistari myeusi. Inavutia, lakini ni mchoro tu uliobandikwa juu ya barabara. Ukipita palepale mara ya pili, gari linashika vilevile. Mistari ikizidi, ya zamani inafutwa ili simu isizidiwe.

Sababu ni hesabu. Kwa kawaida mtengenezaji huipa kila aina ya barabara kiwango chake cha mshiko: lami chake, changarawe chake, majani chake. Kukokotoa jinsi udongo unavyobonyea chini ya kila tairi ni kazi nzito kwa simu ya kawaida.

Magemu makubwa ya kompyuta na PlayStation yamejaribu. Mwaka 2015 iRacing ilileta viwanja vinavyobadilika kadiri mpira wa matairi unavyobaki kwenye lami. DiRT Rally 2.0 ya mwaka 2019 ikafanya changarawe iharibike kadiri magari yanavyopita. SnowRunner ya mwaka 2020 ina tope linalochimbika kabisa.

Safari Rally ilishatuonyesha

Kwa jirani zetu Kenya jambo hili linajulikana. Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Kule Naivasha, gari la kwanza kupita linafagia changarawe iliyolegea. Wanaofuata wanapata sehemu ngumu zaidi, lakini wanakuta pia mifereji na mashimo yaliyochimbwa na waliotangulia. Njia ileile ikipitwa mara ya pili, ni kama njia nyingine.

Mwaka 2024 mashindano hayo yalihamishwa kutoka Juni kwenda Machi, jirani kabisa na mvua za masika. Madereva hao wana magari ya gharama kubwa, mafundi na ramani ya kila kona, na bado wanateleza.

Huku kwetu

Sasa toka kwenye lami ya Kyaka–Bugene, ingia barabara za changarawe za vijijini. Huku mvua ni misimu miwili: vuli kuanzia Septemba na masika kuanzia Machi. Fuso ikipita na ndizi kwenye udongo uliolowa, tairi zinachimba mfereji. Pikipiki inayofuata inalazimika kufuata mfereji huo, na ukitaka kuukata kwa haraka, tairi la mbele linakataa kupanda na unaanguka.

Kiangazi nako kuna mtego. Magari yanasukuma kokoto zinajikusanya katikati na pembeni mwa barabara. Palipopitwa na tairi panabaki pasafi, lakini ukitaka kulipita gari la mbele lazima ukanyage kokoto. Hapo ni kama umemwaga maharage kwenye sakafu ya saruji kisha ukakimbia juu yake.

Hesabu ya breki

Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri, wa kama 0.8, chombo kinahitaji takriban mita 12 kusimama baada ya breki kushika. Kwenye udongo uliolowa ambao mshiko wake umeshuka hadi 0.3, zinahitajika karibu mita 33. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki, ambayo peke yake inakula mita 14.

Hiyo ni kwa tairi lenye kashata. Tairi kipara halina pa kutolea tope, kwa hiyo mita zinaongezeka. Mtoto akivuka mita 30 mbele yako, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama atafika ng'ambo.

Nini kifanyike

Gemu lina faida yake. Linaweza kukuzoesha kutumia vioo, kukata kona na basi refu na kuwa na subira kwenye foleni. Breki ijifunzwe kwenye ardhi yenyewe. Walimu wa udereva wampeleke mwanafunzi uwanja wa wazi baada ya mvua, wamwachie afunge breki taratibu mpaka ahisi tairi likianza kuteleza. Mwenye pikipiki akague kashata kabla ya msimu, asingoje mpaka dereva aanguke.

Na vijana wetu wanaochora mabasi na ramani za magemu wakiamua kuchora barabara za Kyerwa, wasiishie kwenye rangi ya udongo, waweke na utelezi wake.

Wakati tunasubiri, dereva anacho kitu ambacho simu haimpi: alama za waliomtangulia. Mfereji unaong'aa maana yake udongo umeshindiliwa na unateleza. Alama iliyopinda kuelekea kalavati maana yake kuna mtu tairi lilimkimbia hapo. Ukiiona, punguza mwendo kabla hujaifikia, sio ukiwa juu yake.