Roboti isirudi na gari

Wasee, wacha niseme tu. Timu ya roboti ya wanafunzi ikitoka Nairobi kutembelea shule za Kitale na Bungoma, mimi hufurahi. Halafu naona picha ya mwisho: roboti inapakiwa kwa gari. Sasa Jumatatu hao watoto watashika nini?

Mimi nimekulia Kiminini. Zile tableti za serikali za 2016 zilikuwa za darasa la kwanza, kama mdogo wangu. Shuleni kwao zilikaa kwa stoo, kufuli juu. Hakuna mwalimu aliyekuwa na uhakika nazo, na nani angetaka kuulizwa ikivunjika?

Na hata hiyo roboti ya kubeba mipira, sawa, inapendeza. Lakini huku kwetu stori ni mahindi. NCPB wanataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na wengi wetu tunapima kwa kuuma punje. Mpe mtoto wa Gredi ya 8 sensa na bodi ndogo ya Arduino, ajaribu kutengeneza kipima unyevu. Hakitakuwa sahihi kama cha NCPB, najua. Lakini akikosea mamake atamwambia papo hapo, ju yeye ana meno.

Kwa hivyo mkija tena, kaeni siku tatu na mwalimu mmoja wa Pre-Technical. Watoto mia tatu kwa dakika arobaini ni sarakasi. Na muache roboti. Mnaihitaji kwa mashindano? Basi leteni ile ya mwaka jana.