VEGF Haiishii Kwenye UE

UE ikikaribia, madesa ya baiokemia yanazunguka hosteli nzima. Aldosi ridaktesi, sobitoli, VEGF: tunavikariri, tunavimwaga kwenye karatasi, kisha tunafunga chuo na kurudi kwa wazazi wenye kisukari ambao hawajawahi kupimwa macho. Hapo ndipo naona elimu yetu inapwaya.

Hebu tuitazame mada yenyewe. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu, kimeng'enya cha aldosi ridaktesi huigeuza sehemu yake kuwa sobitoli. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoharibu vimishipa vya retina. Vikiziba, retina inakosa oksijeni. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alihisi kwamba retina ya namna hiyo hutoa kitu kinachootesha mishipa mipya. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walipima majimaji ya macho ya wagonjwa, wakakuta VEGF, protini ya ukuaji, iko juu kwa wale ambao mishipa mipya ilikuwa inaota. VEGF inalegeza kuta za mishipa, zinavuja. Inaotesha mipya, na vimeng'enya vingine vinaifungulia njia. Mipya hiyo ni dhaifu, ikipasuka damu inamwagika ndani ya jicho. Yaani mwili unataka kuliokoa jicho, unaishia kuliharibu.

Sindano za kuzuia VEGF zipo. Bevasizumabu, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo, WHO iliiingiza mwaka 2013 kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Lakini sindano hurudiwa mara nyingi, na seli za retina zikifa hazirudi. Ubaya zaidi, mwanzoni ugonjwa hauumi. Mtu anasoma meseji vizuri tu, kumbe retina inavuja.

Mtasema kupima ni kazi ya hospitali. Kweli, na kliniki za kisukari zipime macho siku ileile. "Njoo siku nyingine" ni nauli nyingine. Ila swali la kwanza linaulizwa nyumbani. Mwenye kisukari aina ya 2 anatakiwa kupimwa retina tangu anapogundulika, kisha kila mwaka. Likizo hii muulize mzee alipimwa lini. Akijibu, "Mbona naona vizuri?", basi hapo ndipo desa lako lifanye kazi.