Uwanja wa Goma ukifunguliwa, sheria ya 2002 ifuatwe

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, raia wengi wa Kivu wanaosafiri nje wanapitia Kigali ama Entebbe. Safari imekuwa ndefu na ya bei kali. Lakini njiani wamejionea namna wengine wanavyokagua watu, na sasa wanalinganisha.

Kigali hakuna mchezo. Kabla ya kufikia jengo, gari linasimama, watu wanashuka na mbwa ananusa mizigo. Nairobi pia abiria wanashuka garini na kupita kwenye mashine, mbali na jengo lenyewe. Marekani waliwavulisha watu viatu tangu 2006 hadi mwezi wa saba 2025, ila anayeondoka hapiti kwenye dirisha la kugongewa muhuri wa kutoka: kampuni ya ndege ndiyo inayotuma majina ya abiria kwa serikali. Kila nchi na woga wake.

Ulaya nako si peponi. Mwenye pasipoti ya Congo anajua maswali ya Bruxelles: unalala wapi, nani anakupokea, una euro ngapi, tikiti ya kurudi iko wapi. Yanachosha, pengine yanadhalilisha. Hata hivyo anayeuliza amekaa kwenye dirisha lake na anajulikana ni wa serivisi gani.

Congo mambo ni mengine. Ajenti wa DGM anaangalia pasipoti. Hatua chache mbele mtu bila sare anaiomba tena. Wa tatu anaifungua, anatafuta nini, hasemi. Wa hygiène anataka kadi ya njano ya chanjo, na huyo ana haki, kwani homa ya manjano inaua. Kuna pia Go-Pass, iliyoanza 2009, dola 50 kwa anayetoka nchini. Kwa miaka mingi imelipwa dirishani, pembeni ya tikiti, wakati mahali pengi duniani ushuru wa namna hiyo umo ndani ya bei ya tikiti. Kisha ile sauti ya chini: "Mukubwa, ata ya sukre."

Wanaotetea hali hii wanasema nchi iko vitani, lazima macho yawe mengi. Vita ni ya kweli. Lakini watu watano wakitazama ukurasa uleule wa pasipoti hawaoni zaidi ya mmoja, na mwenye jambo la kuficha ndiye anayetoa hiyo sukre haraka kuliko wote. Anayebaki kwenye mstari ni mama mfanyabiashara anayekwenda kuleta bidhaa Dubai, huku ndege ikiita majina.

Ajabu ni kwamba sheria ipo. Dekreti ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 ilitaja serivisi nne zenye haki ya kufanya kazi mipakani: duane, OCC, DGM na hygiène. Zaidi ya miaka 20 baadaye, msafiri bado anahesabu mikono kupita minne.

Siku uwanja wa Goma utakapofunguliwa, wenye mamlaka wasianze na rangi ya kuta. Waandike majina ya serivisi hizo mlangoni, kwa Kiswahili na Kifaransa, na bei ya kila karatasi pembeni yake, ili abiria akiombwa pasipoti na mtu bila sare aweze kumwonyesha ukuta.