Taa ya Kulishia Mawe ya Bahari

Juma hili twajibu swali la mzee mmoja aliyetuandikia barua ndefu. Kwa ufupi asema hivi: “Mpwa wangu yuko Ujerumani, anasomea uuguzi. Kila mwezi hutuletea kitu kidogo cha kumsomesha mdogo wake. Mwezi huu ametuma nusu. Asema amenunua tangi la kioo, akatia maji ya chumvi na mawe ya bahari, na sasa anaweka akiba ya kununua taa ya kuyalisha hayo mawe. Hapa nyumbani twabishana. Wengine wasema kijana amelaghaiwa, wengine wasema akili zimemruka. Je, mawe hula taa?”

Mzee wetu, kijana hakulaghaiwa wala hakurukwa na akili. Ila yampasa achague kwa kipimo, maana katika kazi hii fedha nyingi hupotea bure, na viumbe hufa. Tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, ili nanyi mpate la kumwandikia.

Si mawe, ni wanyama

Watu wa pwani yetu hulijua tumbawe kama jiwe. Hulichimba, hulichoma tanuuni, wakapata chokaa ya kujengea. Lakini lile jiwe ni nyumba tu. Wenye nyumba ni wanyama wadogo laini, kila mmoja ana mdomo mmoja na vidole vingi vyembamba vinavyouzunguka. Huvuta chokaa kutoka katika maji ya bahari na kujijengea makao, kizazi juu ya kizazi, hata ukatokea mwamba mkubwa wa kuvunja mawimbi.

Ndani ya miili ya wanyama hawa huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia nuru kutengeneza sukari, kama jani la mhindi lifanyavyo shambani. Sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Naye mwenyeji humpa mwani makao, na takataka za mwili wake humfaa mwani kama mbolea. Nuru ikikosekana, mwani hudhoofika, na mwenyeji hufa kwa njaa pole pole, hata kama maji ni safi kabisa. Kwa hiyo kijana aliposema “taa ya kulisha mawe” hakusema uongo.

Swali la kwanza si taa

Kabla ya kwenda dukani, kijana ajiulize: nataka kufuga nini? Kama ni samaki tu, kina kitatange na wenzao, taa ndogo ya kawaida yatosha. Samaki hali nuru. Taa yake ni ya kutuwezesha sisi kumtazama na kumjulisha usiku na mchana. Gharama kubwa huanza pale anapotaka matumbawe hai.

Na matumbawe hayalingani. Yako yale laini, na yale yanayofanana na uyoga, ambayo huridhika na nuru ndogo. Yako magumu yenye vinywa vikubwa, yanayotaka nuru ya wastani. Na yako yenye matawi kama pembe za paa, yaliyozoea kukaa karibu na uso wa maji chini ya jua kali. Haya yataka nuru nyingi, na pia maji yasiyobadilika-badilika. Anayeanza aanze na yale ya kwanza. Anayenunua ya mwisho kwa kuwa ni mazuri, naye hana taa wala maarifa, amenunua maiti.

Rangi ya nuru

Nuru ya jua ina rangi zote tunazoziona katika upinde wa mvua. Ikishuka baharini, maji huimeza rangi nyekundu kwanza, kisha njano, na buluu ndiyo ifikayo mbali. Mpiga mbizi akijikata kidole chini sana, damu yake haionekani nyekundu. Kwa mita 10 hivi nyekundu karibu yote imekwisha. Kwa sababu hiyo mwani wa matumbawe umezoea kujipatia chakula hasa kwa nuru ya buluu.

Wenye kutengeneza taa huandika rangi ya nuru kwa kipimo kiitwacho Kelvini. Taa ya sebuleni yenye umanjano huwa karibu 3,000. Jua la mchana huwa kati ya 5,500 na 6,500. Taa za matumbawe huwa kati ya 10,000 na 20,000. Hesabu ikipanda, buluu huzidi. Kijana asichague taa ya umanjano. Lakini pia asidanganywe na picha za dukani. Chini ya buluu tupu matumbawe mengi hung'aa kama makaa, nayo yakiletwa chini ya nuru nyeupe huonekana ya kawaida tu. Taa nzuri huchanganya buluu nyingi na nyeupe kiasi.

Kiasi cha nuru

Zamani wafugaji walihesabu wati kwa kila lita ya maji. Siku hizi hesabu hiyo haisaidii, maana wati hutuambia umeme ulioliwa, haituambii nuru iliyotolewa. Kipimo cha kweli huitwa PAR. Maana yake ni hesabu ya chembe za nuru ifaayo mimea zinazoangukia mahali fulani kila sekunde. Jua la adhuhuri katika nchi zetu, mbingu zikiwa safi, hufika karibu 2,000. Tangini hakuna haja ya kufika huko. Matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 100, yale ya wastani 75 hadi 150, na yale ya matawi 200 hadi 400.

Nuru hupungua upesi kadiri inavyoshuka, na pembeni mwa tangi huwa hafifu kuliko katikati. Basi kijana aweza kutumia taa moja kwa viumbe mbalimbali: wapendao nuru awaweke juu ya mawe, wapendao kivuli awaweke chini na pembeni. Ni kama bibi anayepanda magimbi bondeni na muhogo mlimani. Shamba ni moja, ila kila zao limepewa mahali pake.

Mashine ya kupimia PAR ni ghali. Asiinunue. Vyama vya wafugaji na baadhi ya maduka huiazimisha au kuikodisha, naye anaihitaji kwa siku moja tu.

Taa za namna tatu

Ya kwanza ni taa ya halaidi. Ndiyo iliyowapa sifa wafugaji wa Berlin katika miaka ya 1980, walipoweza kuyakuza matumbawe magumu majumbani mwao kwa taa hizo, mawe hai, na chombo cha kuondoa uchafu kwa povu. Nuru yake ni kali na nzuri. Kasoro zake mbili ni kula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Matumbawe hupenda maji ya joto la 24 hadi 27. Taa ikiyachemsha wakati wa kiangazi, mwenye tangi hulazimika kununua na mashine ya kuyapoza.

Ya pili ni mirija myembamba iitwayo T5. Hueneza nuru sawasawa, bila kivuli kikali, wala haina mambo mengi. Lakini mirija huchoka hata kabla ya kuzimika, na yapasa kubadilishwa kila miezi 9 hadi 12. Tena ina zebaki ndani, iliyo sumu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mirija ya kawaida ya namna hii iliondolewa katika biashara mpya mwaka 2023, kwa hiyo anayeanza leo asiitegemee.

Ya tatu ni taa za LED, zenye vijitaa vidogo vidogo vingi. Zamani vijitaa hivi havikuweza kutoa buluu iliyo kali. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura mzaliwa wa Japani, ndio walioufungua mlango huo, wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa hizi hula umeme kidogo, hudumu miaka mingi, na mwenyewe aweza kuzidisha au kupunguza kila rangi. Kasoro yake ni bei, na kwamba nuru hutoka mahali padogo, ikaacha vivuli chini ya mawe. Kwa tangi kubwa yahitajiwa taa zaidi ya moja.

Kwa kijana wetu, mwenye tangi la sentimeta 60 kwa 50 kwa 50, yaani lita 150, shauri letu ni taa moja ya LED ya matumbawe, iwe ni ya kampuni inayotoa vipimo vyake vya PAR na kuuza vipuri. Hata iliyotumika yafaa, ilimradi aione ikiwaka kwanza, na kila rangi ijaribiwe.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo nyumba nyingi huumia, kwa kuwa bei ya taa hulipwa mara moja, lakini umeme hulipwa kila mwezi. Tuseme taa ya halaidi ya wati 150 iwake saa 8 kwa siku. Kwa siku 30 itakula yuniti 36. Taa ya LED inayotumia wati 60, ikiwaka saa 9, itakula yuniti 16 na kidogo. Ujerumani yuniti moja, mwaka 2024, ilikuwa karibu senti 40 za euro. Basi ya kwanza italipiwa karibu euro 14 na nusu kwa mwezi, ya pili euro 6 na nusu. Kwa mwaka tofauti yakaribia euro 95. Taa iliyo rahisi dukani yaweza kuwa ghali nyumbani. Na tukumbuke, hapo hatujahesabu pampu na kifaa cha kupashia maji joto.

Namna ya kuiwasha

Kosa la wengi ni kufunga taa mpya na kuiwasha kwa nguvu zake zote siku ile ile. Mkulima wa kahawa haitoi miche kitaluni akaiacha juani ghafula. Huondoa kivuli kidogo kidogo. Matumbawe nayo ni hivyo. Aanze na nusu ya nguvu au chini yake, kisha aongeze kidogo kila juma kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Tumbawe likianza kuwa jeupe, nuru imezidi, mwani unafukuzwa. Likiwa la hudhurungi nzito au likinyoosha shingo juu, huenda nuru ni haba.

Saa 8 hadi 10 za nuru kamili kwa siku zatosha. Atumie saa ya kuwashia na kuzimia, kwa sababu mtu husahau. Usiku uwe usiku. Kila juma apanguse kioo cha taa, maana chumvi hurukia juu na kuiziba nuru.

Na hili asilipuuze hata kidogo: maji ya chumvi na umeme ni maadui. Taa ifungwe imara isiweze kuanguka majini. Waya upinde chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Na pawepo swichi ya usalama inayokata umeme mara moja ukivuja. Asitie mkono majini kabla ya kuzima vyombo.

Matumbawe yatoke wapi?

Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa CITES. Hayapitishwi mipakani bila kibali. Aliye Ulaya hana haja ya kununua yaliyong'olewa baharini. Wafugaji hukata vitawi vya matumbawe yao, wakavigandisha juu ya kijiwe na kuvikuza, kama sisi tupandavyo vipando vya muhogo. Vitawi hivyo ni rahisi, na vimezoea maisha ya tangini.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1998 bahari ya pwani yetu ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakawa meupe yakafa. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba jambo hilo latokea tena katika bahari nyingi duniani. Baruti za wavuvi wabaya nazo zimevunja miamba mingi. Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu 1968, Chumbe ya Unguja tangu 1994, na Mafia tangu 1995. Samaki wengi wa kitoweo hukulia katika miamba hiyo. Anayejua kwamba tumbawe ni mnyama, tena analishwa na nuru, halivunji ovyo.

Neno kwa wazee wa nyumbani

Msimwite kijana mjinga. Kulea kiumbe kigumu namna hii humfundisha mtu saburi, usafi na kipimo, nayo ni mambo yamfaayo muuguzi. Lakini mwandikieni waziwazi kwamba karo ya mdogo wake haisubiri. Matumbawe aweza kuyanunua mwakani, wala hayatapungua thamani kwake. Mtoto akirudishwa kutoka shuleni muhula huu, muhula huo haurudi. Basi afuge samaki wawili watatu kwa taa ndogo aliyo nayo, ayaache maji yake yatulie, ajifunze. Kila mwezi atenge kwanza ya nyumbani, kisha kidogo cha taa. Akifika siku ya kununua, atakuwa na maarifa pamoja na fedha, na viumbe atakaowaleta hawatakufa mikononi mwake. Haba na haba hujaza kibaba.