HISABATI NI ELIMU YETU: FUNZO LA KETE 64



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, jioni hapa Chiwanda utawakuta wazee chini ya mwembe wakicheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Leo naomba tuziazime kete hizo tufanye hesabu.

Kete ya kwanza ipe punje 1 ya mpunga, ya pili punje 2, ya tatu 4, ya nne 8, uendelee kuongeza maradufu mpaka kete ya 64. Jumla ya punje zote ni 18,446,744,073,709,551,615. Mavuno ya mpunga ya dunia nzima kwa mamia ya miaka hayafiki hapo!

Hesabu hii si ngeni kwa Waislamu. Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliifanya kwa ubao wa sataranji wenye nyumba 64, akaonyesha njia fupi. Zidisha 16 kwa 16 upate 256. Zidisha 256 kwa yenyewe upate 65,536. Hiyo kwa yenyewe ni 4,294,967,296. Izidishe nayo kwa yenyewe, kisha toa 1. Umemaliza.

Mwanafunzi, ichunguze namba hiyo. Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake utapata 87, ambayo inagawanyika kwa 3. Basi namba nzima nayo inagawanyika kwa 3. Tena 1 na 2 na 4 ni 7, na kete inayofuata ina 8. Kila kete inazizidi zote zilizoitangulia, zikiwekwa pamoja, kwa punje 1. Ndiyo nguvu ya maradufu: mwanzo haitishi, mwisho haishikiki.

Sasa tutoke kwenye mpunga twende kwenye fedha. Mvuvi akope sh. 100,000 za nyavu kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, na riba asiyolipa ijumlishwe kwenye deni. Mwera ukivuma asiingie ziwani, baada ya miezi minne anadaiwa sh. 207,360. Mwaka ukitimia ni sh. 891,610. Mikopo ya namna hii watu wameiita "kausha damu", na jina limeikaa vizuri. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 130, tumekatazwa riba hii ya kuzidi juu ya kuzidi. Aliyezihesabu kete 64 anaiona hekima ya katazo hilo kwa macho yake.

Wako wanaosema madrasa ibaki na Qur'an na fiqhi, hisabati ni ya shuleni. Kwa heshima zote, sikubaliani nao. Zaka ni hesabu. Mirathi ni hesabu. Kijana anayejua kwamba riba ni haramu lakini hajui kuihesabu, ataletewa karatasi yenye maneno matamu aitie saini, na nyumba ya baba yake iuzwe.

Rai yangu ni kwamba kila wiki tutenge kipindi kimoja cha hesabu hapa madrasani. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani leo, mpeni kete za bao awaonyeshe.

Wabillahi tawfiq.